PostgreSQL au MariaDB, kind au k3d: kuchagua kwa hesabu ya umeme na mega

Linganisho nyingi za zana za seva zimeandikwa na watu ambao umeme wao haukatiki na intaneti yao haihesabiwi kwa mega. Wanapima kasi: hifadhidata gani inajibu maulizo mengi kwa sekunde, klasta gani (kundi la mashine zinazofanya kazi kama moja) inasimama upesi. Hapa Lubumbashi vipimo hivyo vinakuja nyuma. Kwanza unajiuliza: umeme ukikatika saa nne asubuhi na onduleri (UPS) imechoka, nitakuta nini nikiwasha tena? Pili: kuianzisha upya kutanila mega ngapi? RAM inafuata, maana laptopu nyingi zinazofanya kazi mjini ni za mkono wa pili, zenye GB 8, nyingine 4.

Ninawaandikia hasa vijana waliotoka UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) au shule nyingine za informatiki, walioanza kupata wateja wao wenyewe: depo ya saruji kwenye chaussée de Kasenga, kliniki ya Kampemba, kampuni inayouzia migodi vipuri. Msimamo wangu nauweka mbele. Hifadhidata na klasta ya majaribio ni maamuzi mawili ya uzito tofauti kabisa, na kosa kubwa ni kuyachukua kama moja. Hifadhidata utaishi nayo miaka, pamoja na hesabu za watu. Klasta unaifuta mchana na kuunda nyingine jioni. Ya kwanza ichague kwa uoga, ya pili kwa bei ya mega.

Hifadhidata: SQLite, PostgreSQL, MariaDB

Zote tatu zimejengwa zikijua kwamba mashine inaweza kuzimika wakati wowote. PostgreSQL, na MariaDB inapotumia InnoDB (injini yake ya kutunza majedwali), huandika mabadiliko kwenye logi kwanza na kuisukuma logi hiyo hadi diskini kabla ya kukuambia kwamba muamala umekubaliwa. SQLite usipoigusa mipangilio hufanya kinyume: inatunza kwanza kurasa za zamani pembeni, ili mambo yakiharibika irudi nyuma. Ukiwasha PostgreSQL baada ya umeme kukatika utaona imeandika `database system was not properly shut down; automatic recovery in progress`, halafu `redo starts at`, kisha `redo done at`, na kazi inaendelea. Anayeyaona maneno hayo mara ya kwanza hushtuka, kumbe ndiyo maneno ya heri: inasoma logi, inamalizia yaliyokubaliwa, inatupa yaliyoachwa njiani.

Kwa hiyo kwenye karatasi wako sawa. Wanaachana mahali pengine.

Pa kwanza ni pale unapobadilisha muundo wa majedwali. Tuseme unaongeza safu ya kiwango cha kubadilisha dola kwenye jedwali la ankara, unahamisha data, kisha unafuta safu ya zamani. Ni hatua tatu. Kwenye PostgreSQL unazifunga zote kati ya `BEGIN` na `COMMIT`; umeme ukienda kwenye hatua ya pili, ukirudi ni kana kwamba hukuanza. SQLite nayo inakubali hivyo. MariaDB haikubali: kila `ALTER TABLE` inajithibitisha yenyewe papo hapo. Kuanzia toleo 10.6 kila amri moja ya namna hiyo ama inakamilika ama haifanyiki, jambo zuri, lakini amri tatu kwa pamoja bado si kifungu kimoja. Utakuta jedwali liko nusu ya zamani, nusu ya mpya, na programu yako haijui inazungumza na lipi. Kwenye mji ambao umeme unakuja na kwenda, hoja hii peke yake inanitosha kumweka PostgreSQL mbele.

Pa pili ni mipangilio. MariaDB ina `innodb_flush_log_at_trx_commit`, ambayo mwanzoni iko kwenye 1, yaani salama. Mafundi wengi huibadilisha kuwa 2 ili iende mbio, na umeme ukikatika wanapoteza miamala ya karibu sekunde nzima. PostgreSQL nayo ina mitego miwili inayofanana kwa sura. `synchronous_commit = off` inaweza kukupotezea miamala ya chini ya sekunde moja, lakini data iliyobaki haiharibiki; kwa jedwali la takwimu za ziara inavumilika. `fsync = off`, yaani kuacha kusukuma data hadi diskini, ni jambo jingine: hapo unaweza kukuta hifadhidata nzima imeharibika. Maelekezo ya kuongeza kasi huitaja amri hii kwa wepesi wa ajabu. Usiiguse kwenye mashine ya mteja hata siku moja.

Ukirithi mfumo wa zamani wa PHP, angalia pia aina ya majedwali. InnoDB ndiyo chaguo la kawaida tangu MySQL 5.5 ya mwaka 2010, lakini mifumo iliyoanzishwa kabla ya hapo, au iliyonakiliwa kutoka mifumo hiyo, bado inabeba MyISAM. MyISAM haina miamala wala logi ya kujiponya; umeme ukikatika wakati wa kuandika, asubuhi unaanza na `REPAIR TABLE` na maombi. Amri ya `SHOW TABLE STATUS` itakuonyesha ukweli kwenye safu ya `Engine`, na `ALTER TABLE ankara ENGINE=InnoDB;` inamaliza ugomvi. Hata `fsync` ikiwa sawa, kuna diski zinazosema uongo. SSD za bei rahisi hujibu "nimeandika" wakati data ingali kwenye kumbukumbu yao ya ndani, na hazina akiba ya umeme ya kumalizia.

Kabla ya kukabidhi seva, mimi nafanya jaribio hili, na yeyote anaweza kulifanya. Weka hifadhidata kwenye mashine isiyo na betri. Kutoka laptopu yako, ingia kwenye mashine hiyo kwa mbali kwa ssh na uendeshe kitanzi kinachoingiza namba moja moja, 1, 2, 3, kikiandika kila namba kwenye skrini baada tu ya `COMMIT` kujibiwa. Acha kiende dakika chache, kisha ng'oa waya wa umeme. Washa tena, uliza `SELECT max(n)`. Ikiwa laptopu ilionyesha 4812 na jedwali linakupa 4812 au 4813, uko salama: ile moja ya ziada iliandikwa lakini jibu halikufika. Ikiwa jedwali linakupa 4790, ama umelegeza mipangilio ama diski inadanganya, na hakuna hifadhidata itakayokuokoa na diski inayodanganya. Badilisha diski.

Je, SQLite? Kwa depo yenye kompyuta moja ya mauzo, ndiyo ningeichagua bila kuona haya. Hakuna huduma ya kuwasha, hakuna nywila ya kusahau, data yote ni faili moja. D. Richard Hipp aliianzisha mwaka 2000 na haina leseni ya kukusumbua, ni mali ya umma. Mipaka yake ni mwandishi mmoja kwa wakati mmoja, na faili lake lisiwekwe kwenye folda ya mtandao inayoshirikiwa na kompyuta kadhaa, maana kufuli za faili kwenye mtandao haziaminiki. Kompyuta ya pili ikiingia dukani, hamia PostgreSQL. Na usinakili faili hilo kwa mkono wakati programu inaandika. Tumia `VACUUM INTO`, inakupa nakala nzima isiyo na jeraha.

MariaDB isionekane ya kutupwa. Michael Widenius aliitoa kwenye MySQL mwaka 2009, wakati Oracle ilipokuwa ikiinunua Sun, mmiliki wa MySQL, na mpaka leo iko chini ya GPL. Kwenye huduma za kukodi nafasi ya tovuti kwa bei ndogo mara nyingi hukuti nyingine. Kuipandisha toleo ni rahisi zaidi: unaweka programu mpya, unaendesha `mariadb-upgrade`. PostgreSQL kila toleo kubwa linadai `pg_upgrade` au kutoa data yote na kuirudisha, na ukitumia kontena (programu iliyofungwa pamoja na vyote inavyohitaji, kama za Docker), jihadhari: imeji rasmi, yaani kifurushi cha kuanzishia kontena, ya toleo 18 imehamisha mahali pa kufunga volyumu (folda ya data ya kudumu), kutoka `/var/lib/postgresql/data` kwenda `/var/lib/postgresql`. Mtu akibadilisha namba ya toleo tu kwenye faili la Docker Compose (linaloorodhesha kontena za kuwasha), anajitafutia asubuhi mbaya. Pia PostgreSQL hufungua mchakato mzima kwa kila muunganisho. Ile 100 inayokuja nayo kama kikomo si ya kuongeza hovyo kwenye mashine ya GB 4.

Wakati mwingine hata huna la kuchagua. Odoo, programu ya kuendesha biashara, inataka PostgreSQL, basi. DHIS2, ambayo wizara ya afya ya Kongo inaitumia kukusanya takwimu za zoni za afya, inataka PostgreSQL. GLPI, ya kusimamia vifaa vya kompyuta, inataka MariaDB au MySQL. WordPress vilevile. Mteja akishachagua programu, amekuchagulia hifadhidata.

Neno fupi kuhusu leseni, kwa sababu wengi wanaita huria kisicho huria. MongoDB, hifadhidata nyingine, iliacha leseni huria mwaka 2018. Redis, ya kutunza data ya muda kwenye RAM, iliiacha Machi 2024, na papo hapo Linux Foundation ikaanzisha Valkey kutoka Redis 7.2.4, mwaka uliofuata Redis 8 ikarudi na AGPL, ambayo ni huria, kama mojawapo ya leseni. Kwa kumbukumbu ya muda, mimi ninaweka Valkey na kuendelea na kazi.

Klasta ya kwenye laptopu

Kabla ya yote: je, unaihitaji? Ikiwa mteja ana seva moja na programu mbili tatu, Docker Compose inatosha, na umeme ukirudi kila kontena yenye `restart: unless-stopped` inaamka yenyewe. Kubernetes, mfumo wa kuendesha kontena kwenye klasta, kwenye laptopu ni ya anayejifunza kazi, au anayeandaa mfumo utakaokwenda kwenye klasta ya kweli, mara nyingi nje ya nchi.

Wagombea ni kind, k3d, minikube, na MicroK8s kwa mbali. kind inaendesha Kubernetes kamili, kila nodi (mashine moja ya klasta) ikiwa kontena ya Docker. Waliiunda wanaotengeneza Kubernetes yenyewe, kwa ajili ya majaribio yao. k3d inafanya hivyo hivyo lakini ndani ya kontena inaweka k3s, ile Kubernetes nyepesi iliyotolewa na Rancher mwaka 2019, ambayo imekusanya sehemu zote kwenye programu moja ya chini ya MB 100. minikube ndiyo mkubwa wao kwa umri, wa tangu 2016, na ndiyo inayomshika mkono mwanafunzi: `minikube dashboard` inakufungulia picha nzima, na nyongeza zake unaziwasha kwa amri moja moja.

Kila mtu atakuambia k3d ndiyo nyepesi. Kwa RAM ni kweli. Kwa mega, habari inageuka.

Imeji ya nodi ya kind, `kindest/node`, ni nzito, mamia ya megabaiti, lakini ndani yake mna kila kinachohitajika klasta isimame. Ukishaipakua mara moja, unaweza kufuta na kuunda klasta siku nzima na intaneti imezimwa. Imeji ya k3s ni ndogo kwa kuwa haikubeba vitu hivyo: klasta ikianza, inatoka kwenda kuvitafuta mtandaoni, CoreDNS, Traefik, metrics-server na wenzao. Na kwa kuwa kila klasta ya k3d ni kontena mpya yenye ghala tupu, ukifuta na kuunda tena, inavipakua tena. Mwanafunzi mwenye tabia ya kusafisha mezani kila jioni analipa kila asubuhi, na haelewi mega zinakwenda wapi.

Dawa ipo. Kila toleo la k3s kwenye GitHub linakuja na faili la `k3s-airgap-images-amd64.tar.zst`. Lipakue mara moja, liweke kwenye folda, mfano `/opt/k3s`, kisha uunde klasta hivi:

`k3d cluster create jaribio -v /opt/k3s:/var/lib/rancher/k3s/agent/images`

Nodi inaona faili, inachukua imeji zake humo, haitoki nje. Toleo la faili lilingane na toleo la k3s unalotumia, la sivyo nodi itakwenda kutafuta mtandaoni kama kawaida. Faili hilo hilo linakaa kwenye flashi na kuzunguka darasa zima. Kwa kind unafanya `docker save kindest/node:...` na mwenzako anafanya `docker load`. Na kama huna shida na klasta iliyopo, usiifute: `k3d cluster stop`, kesho `k3d cluster start`.

Sababu nyingine ya kushirikiana kwa flashi ni kikomo cha Docker Hub. Asiye na akaunti anaruhusiwa kuvuta imeji 100 kwa saa 6 kwa kila anwani ya IP. Mia ni nyingi ukiwa peke yako, lakini kwenye intaneti ya simu mnaweza kuwa watu wengi nyuma ya anwani moja bila kujuana. Fungua akaunti ya bure, uingie kwa `docker login`. Hapo unahesabiwa wewe.

| | Umeme ukirudi | Ukifuta na kuunda tena | RAM |
|---|---|---|---|
| kind | nodi moja huamka yenyewe na Docker | haipakui kitu | ya kati |
| k3d | huamka yenyewe na Docker | hupakua imeji za mfumo, usipoziweka kwenye folda | ndogo kuliko zote |
| minikube | uandike mwenyewe `minikube start` | haipakui kitu, usipoongeza `--purge` | inadai GB 2 zilizo wazi |

MicroK8s ya Canonical sikuiweka kwenye jedwali kwa makusudi. Ni kazi nzuri, lakini inakuja kwa njia ya snap (mfumo wa Canonical wa kusambaza programu), na snap hutafuta matoleo mapya mara nne kwa siku bila kukuuliza. Kwenye mega za kununua, hilo ni bomba linalovuja. Unaweza kulifunga kwa `snap refresh --hold`, ila wenyewe wanashauri GB 4 za RAM, na mwenye laptopu ya GB 4 tayari ameshaondoka mezani.

Jambo moja kind na k3d wanafanana: usiunde nodi tatu za usimamizi kwenye laptopu moja kwa sababu tu umeona inawezekana. Docker ikiwashwa upya anwani za kontena zinaweza kubadilika, na nodi zinaanza kutafutana. Isitoshe, nodi hizo zinatumia etcd, ghala la hali ya klasta, ambayo haijibu mpaka iwe imeandika diskini. Kwenye diski ya zamani ya kuzunguka, unaipa kazi ya kugombana na wakati. k3d ya nodi moja haina etcd kabisa, inatunza hali ya klasta kwenye SQLite. Kwa mashine dhaifu huo ni uzima.

Swali hilo hilo linarudi kwa ukubwa pale mteja mwenye ofisi Lubumbashi, Likasi na Kolwezi anapotaka klasta moja, seva moja kila mji. Wazo linavutia kwenye ramani. Lakini etcd kwa kawaida hupigiana mapigo kila milisekunde 100 na huanza kutafuta kiongozi mpya ikikosa habari kwa sekunde 1. Kiungo kikiyumba kati ya miji, klasta nzima inashughulika na uchaguzi badala ya kazi. Mpe kila ofisi k3s yake ya seva moja.

Je, hifadhidata iingie ndani ya klasta?

Kwenye majaribio, iingie ukitaka kujifunza. Opereta (programu inayosimamia hifadhidata ndani ya klasta) bora kwa PostgreSQL leo, kwa maoni yangu, ni CloudNativePG: iko chini ya leseni ya Apache, ilitolewa huria mwaka 2022, na inashughulikia replika, nakala na kubadilisha kiongozi bila zana ya pembeni. Opereta ya Zalando ni ya zamani zaidi na inategemea Patroni, zana nyingine ya kubadilisha kiongozi. Inafanya kazi, ila ina sehemu nyingi za kuelewa. Jihadhari tu na maelekezo yaliyotumia imeji za Bitnami: tangu Agosti 2025 nyingi zimehamishiwa kwenye ghala la kumbukumbu lisilopata marekebisho tena.

Data ya kweli, hapana. Kwenye kind na k3d, volyumu zinakaa ndani ya kontena ya nodi. Ukifuta klasta, zimekwenda nayo. Weka PostgreSQL nje, kwenye mashine yenyewe, na podi (kontena zinazoendeshwa ndani ya klasta) ziifikie kwa `host.k3d.internal` au, kwa minikube, `host.minikube.internal`. kind haina jina la namna hiyo, utatumia anwani ya daraja la Docker.

Kwa hiyo, kwa depo ya kompyuta moja: SQLite. Kwa kliniki, muuza vipuri, na yeyote mwenye kompyuta zaidi ya moja: PostgreSQL kwenye Debian, nje ya Kubernetes, isipokuwa programu yao inadai MariaDB. Laptopu ya GB 8 ya anayefuta na kuunda klasta kila mara: kind. Ya GB 4: k3d pamoja na lile faili kwenye folda. Anayeanza kabisa na ana mwalimu pembeni: minikube. Walio kwenye Windows wasilazimike kuingia Docker Desktop, ambayo kampuni kubwa zinailipia. Docker Engine ndani ya WSL2 (Linux ndani ya Windows) inatosha, au Rancher Desktop, ambayo ni huria.

Hiyo klasta ya majaribio ina kazi moja zaidi ambayo wachache wanaipa. Kila usiku seva ya mteja itoe `pg_dump -Fc`, faili lililobanwa, lipelekwe kwenye diski ya pili. Mwisho wa wiki lichukue kwa flashi, simamisha PostgreSQL tupu kwenye klasta yako, endesha `pg_restore`, na ulinganishe jumla ya ankara za wiki na ile aliyonayo mhasibu kwenye karatasi. Imeji ya PostgreSQL ikiwa tayari kwenye klasta, mega zinazotumika ni sifuri.